Jinsi ya Kulisoma Kanisa Kuu la Chartres kwa Siku Moja: Mwongozo Kamili

Wasafiri wengi wanaokwenda Chartres, nchini Ufaransa, hurudi na masikitiko yaleyale. Waliingia kwa mlango mkubwa wa mbele, wakainua macho, wakapiga picha nyingi, wakatoka baada ya dakika ishirini. Walipoulizwa baadaye jengo lile linasimamaje, au ni sehemu gani iliyo ya kale kuliko nyingine, hawakuwa na la kujibu. Kosa si lao peke yao. Karibu kila mgeni huanzia mlango wa mbele kwa kuwa ndio anaokutana nao kwanza, na hapo ndipo mahali pagumu kuliko pote pa kuanzia, kwa sababu ukuta ule mmoja umebeba kazi za zama tatu tofauti.

Mwongozo huu unafuata mpangilio mwingine. Unaanza mezani kwako, kisha nje upande wa kusini, ndipo unaingia ndani. Uso wa magharibi, wenye minara miwili, unaachwa hadi alasiri. Sitasimulia historia ya mji wala ya maaskofu wake. Miaka itatajwa pale tu inapokusaidia kuona kitu kilicho mbele ya macho yako.

## Vitu vya kuandaa

- Darubini ndogo ya mkononi. Hiki ndicho kifaa cha kwanza kwa umuhimu. Madirisha ya juu yako mbali mno, na bila darubini utaona rangi tu bila kutambua watu waliochorwa.
- Biblia ndogo. Karibu kila sanamu na kila kioo kinasimulia kisa, na anayekijua kisa hukitambua kwa dakika moja.
- Daftari na penseli. Picha za simu hazitoshi, kwa sababu zilizoelezwa katika hatua ya mwisho.
- Sweta. Kuta nene za mawe hutunza ubaridi hata siku ya joto, na utakaa ndani kwa saa kadhaa.
- Viatu vyenye soli laini, visivyopiga kelele sakafuni.
- Siku nzima. Chartres iko kilomita 80 hivi kusini-magharibi mwa Paris, na treni kutoka stesheni ya Montparnasse huchukua kama saa moja au zaidi kidogo. Ondoka asubuhi mapema.

Kuingia kanisani hakuna malipo, ila kupanda mnara na kushuka katika kanisa la chini ya ardhi kuna tiketi na saa maalumu. Hakikisha pia hakuna ibada kubwa siku hiyo, maana hili ni kanisa linalosaliwa kila siku, na wakati wa Misa mgeni hatakiwi kuzungukazunguka.

## Hatua ya 1: Fanya zoezi la karatasi mezani

Usiruke hatua hii kwa kuiona ya kitoto. Atakayeifanya ataelewa nusu ya jengo kabla ya kupanda ndege.

Chukua kipande cha karatasi ngumu ya manila chenye urefu wa sentimita 30 hivi, kipinde kiwe tao, kisha kisimamishe mezani na ubonyeze juu kwa kidole. Ncha zake mbili zitateleza kwenda nje. Sasa weka kitabu kizito kila upande na ubonyeze tena: tao litakaa. Tao lolote la mawe hufanya hivyohivyo. Uzito wake hauendi chini peke yake, bali husukuma pia pembeni, na usipopata kitu cha kuuzuia msukumo huo, ukuta utapasuka na dari itaanguka.

Kisha kunja karatasi katikati ili tao liwe na ncha, na ulisimamishe likiwa refu zaidi ya upana wake. Ukilibonyeza, utahisi kwamba linasukuma pembeni kwa nguvu ndogo zaidi kuliko lile la mviringo. Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya tao lenye ncha, ambalo ni alama kuu ya usanifu wa Kigothiki, yaani mtindo wa makanisa ya Ulaya ya zama za kati ambao Chartres ni mfano wake.

Faida ya pili ni ya vipimo, na wengi hawaijui. Tao la nusu duara halina uhuru: upana wake ukiwa mita 10, kimo chake ni mita 5, basi. Fundi anayetaka kuezeka kwa mawe nafasi yenye umbo la mstatili hukutana na matao ya upana tofauti tofauti, yaani la upande mfupi, la upande mrefu na lile la mshazari, na kila moja linaishia kwenye kimo chake. Kwa tao lenye ncha, fundi huweza kuyafikisha yote kwenye kimo kimoja, au kinachokaribiana, kwa kuongeza au kupunguza ukali wa ncha.

Msomaji aliye Dar es Salaam anaweza kujizoeza katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa wakati wa Wajerumani kuanzia 1897 hadi 1902, na aliye Nairobi katika Kanisa Kuu la Watakatifu Wote. Yote mawili yaliiga mtindo huu karne nyingi baadaye. Usiyatarajie kuwa na ukubwa wa Chartres, lakini yanatosha kulizoeza jicho kufuata mstari wa tao kutoka nguzo hadi ncha.

Dalili ya kufaulu: unaweza kumweleza mtu wa nyumbani, bila kusoma popote, kwa nini karatasi iliteleza na kwa nini vitabu viliizuia.

## Hatua ya 2: Panga siku yako kwa kufuata jua

Hapa ndipo mipango mingi inapoharibika. Makanisa mengi ya kale yalielekezwa mashariki, na watu husema "mlango wa kaskazini" na "mlango wa kusini" kwa desturi hiyo. Kanisa la Chartres, hata hivyo, limepinda sana: altare yake inaelekea kaskazini-mashariki. Kwa hiyo mlango unaoitwa wa kusini unatazama kusini-mashariki, uso wa magharibi unatazama kusini-magharibi, na mlango wa kaskazini unatazama kaskazini-magharibi.

Maana yake kwa mgeni ni kubwa. Jua la asubuhi huupiga upande wa kusini, nje na ndani. Jua la alasiri huupiga uso wa magharibi na kuwasha madirisha yake. Upande wa kaskazini hubaki kivulini kwa sehemu kubwa ya siku. Aliyefika saa nane mchana na kuanza na dirisha la kusini amekwisha kulikosa.

Tahadhari: usitumie dira ya simu kutafuta milango, kwani itakuchanganya. Ukisimama ndani ukitazama altare, kusini ni mkono wako wa kulia na kaskazini ni mkono wa kushoto. Mwongozo huu unatumia majina hayo ya desturi mpaka mwisho.

## Hatua ya 3: Anzia nje, upande wa kusini, na usome miega

Ukitoka stesheni, pita mbele ya minara bila kusimama. Najua ni vigumu, lakini jizuie. Zunguka mkono wa kulia mpaka uone ubavu mzima wa kanisa.

Utakachokiona ni msururu wa miega, yaani nguzo nene za mawe zilizojengwa nje kuegemeza ukuta. Kila mwega umeanza mpana chini na kupungua kwa vidato kuelekea juu. Kutoka kichwani mwake yanaruka matao ya mawe, yanavuka juu ya paa la njia ya pembeni, na kugusa ukuta wa juu wa kanisa. Hivi ndivyo vile vitabu viwili vya zoezi la mezani. Ndani, dari ya mawe iliyo kimo cha mita 37 hivi inasukuma nje; huku nje, matao haya yanaupokea msukumo ule, yanaupitisha hewani, na kuukabidhi kwa mwega unaouteremsha ardhini.

Chukua darubini na utazame mahali tao linapogusa ukuta. Halikuwekwa popote tu. Linagusa pale ambapo, kwa ndani, mbavu za dari, yaani matao membamba ya mawe yaliyo chini yake, hukutana na kusukuma kwa nguvu. Kati ya mwega mmoja na mwingine ukuta hauna kazi kubwa ya kubeba, na kwa kuwa hauna kazi, mafundi waliuondoa na kuweka kioo. Shika jambo hili kwa nguvu, kwa sababu kila dirisha utakaloliona ndani lililipiwa hapa nje kwa mawe.

Sasa tazama matao yenyewe katika sehemu ya ukumbi wa waumini. Matao mawili ya chini yameunganishwa kwa vinguzo vifupi vilivyotawanyika kama miti ya gurudumu la mkokoteni, na la tatu, jembamba, liko juu yake. Ni kazi nzito ya watu waliokuwa wakijihadhari. Kisha tembea kuelekea nyuma ya altare: matao ya huko ni mepesi zaidi na yenye nafasi kubwa. Mimi naona hapo ndipo mahali pazuri kuliko pote pa kuwaona wajenzi wakijifunza. Majina yao hayakuandikwa, lakini mawe yanaonyesha kwamba hofu yao ilipungua kazi ilivyosonga mbele.

Mawe haya ni ya chokaa ngumu yenye vitundu, na yalichimbwa Berchères, kilomita chache kutoka mjini. Ukaribu wa machimbo ni sababu mojawapo ya kanisa hili kujengwa kwa kasi. Moto uliliteketeza kanisa la awali usiku wa tarehe 10 Juni 1194, na kufikia miaka ya 1220 dari ya mawe ya jengo jipya ilikuwa imekamilika kwa sehemu kubwa. Kwa kuwa kazi haikukokotwa kwa karne nzima kama ilivyotokea kwingine, jengo lina sauti moja.

Tahadhari: usidhani kwamba paa la kijani unaloliona juu ndilo dari. Paa ni kifuniko cha mvua tu. Mbao za kale za paa ziliungua mwaka 1836, na zikabadilishwa kwa mihimili ya chuma iliyofunikwa kwa shaba. Shaba hiyo ndiyo iliyogeuka rangi. Dari ya mawe iko chini yake, nayo ndiyo iliyolinusuru kanisa siku ile, maana moto ulibaki juu.

Dalili ya kufaulu: ukinyoosha kidole unaweza kufuata safari ya uzito kutoka ukuta wa juu, kupitia tao, hadi ardhini, bila kukatika.

## Hatua ya 4: Soma baraza la kusini kuanzia katikati

Ungali nje, na jua la asubuhi linaangaza sanamu. Baraza hili lina milango mitatu. Anza na nguzo iliyo katikati ya mlango wa kati: Kristo amesimama akifundisha. Kulia na kushoto kwake wamepangwa Mitume, na juu ya mlango kuna Hukumu ya Mwisho. Mlango wa kushoto ni wa mashahidi wa imani, na wa kulia ni wa watakatifu walioungama imani bila kuuawa.

Sababu ya kuanza katikati ni kwamba wachongaji walipanga maana kutoka hapo kwenda pembeni. Anayeanzia pembeni huona umati wa watu wasiojulikana.

Kabla ya kuingia, chagua sanamu moja tu uitazame kwa dakika tano. Napendekeza Mtakatifu Theodori, katika mlango wa mashahidi, aliyevaa kama askari wa karne ya 13. Tazama anavyosimama, uzito umeegemea mguu mmoja, mwili umetulia. Ikumbuke miguu yake, utaihitaji alasiri.

## Hatua ya 5: Ingia, keti, hesabu matabaka matatu

Ingia na usitembee. Macho yanahitaji kama dakika kumi kuzoea mwanga hafifu, na asiyesubiri huamini kwamba kanisa ni la giza. Tafuta kiti katikati ya ukumbi wa waumini na ukae kimya.

Kisha tazama ukuta wa upande mmoja na uhesabu kutoka chini kwenda juu. Tabaka la kwanza ni matao marefu yanayofungua njia ya pembeni. La pili ni ujia mwembamba wa ukutani wenye matao madogo madogo. La tatu ni madirisha ya juu, ambayo kimo chake kinakaribia kile cha matao ya chini.

Hesabu hiyo ya matatu ilikuwa jambo kubwa. Makanisa yaliyotangulia, kama lile la Laon, yalikuwa na matabaka manne, kwa sababu juu ya njia za pembeni palijengwa roshani pana iliyosaidia kuzuia ukuta usifunguke. Wajenzi wa Chartres waliiamini miega ya nje, wakaiondoa roshani, na nafasi iliyopatikana wakaigawia madirisha. Uliyoyaona katika hatua ya 3 na unayoyaona hapa ni uamuzi mmoja unaotazamwa kutoka pande mbili za ukuta.

Inua macho hadi darini. Kila nafasi kati ya jozi mbili za nguzo ina mbavu mbili zinazokatana kwa mshazari na kuigawa dari mapande manne. Katika kanisa kuu la Notre-Dame mjini Paris, lililotangulia kidogo, mapande ni sita, na kila kipande cha dari kinashika nafasi mbili. Mpango wa mapande manne ni mwepesi zaidi, kwa sababu kila jozi ya nguzo hubeba mzigo ulio sawa na wa jozi jirani. Mafundi walijenga mbavu kwanza juu ya viunzi vya mbao, kisha wakajaza mawe membamba katikati yake.

Teremsha macho kufuata ubavu mmoja. Unageuka kuwa kinguzo chembamba, kinateremka ukutani, kinakutana na nguzo kubwa, kinafika sakafuni. Tazama nguzo kubwa zenyewe, kwani zina mchezo wa kupendeza: moja ina kiini cha mviringo na vinguzo vya pembe nane, inayofuata ina kiini cha pembe nane na vinguzo vya mviringo, na hivyo kwa zamu. Wengi hupita pale mara kumi bila kuliona.

Ukumbi huu una upana wa zaidi ya mita 16, na kanisa zima lina urefu wa mita 130. Upana huo haukuchaguliwa upya mwaka 1194. Chini ya sakafu kuna kanisa la chini ya ardhi lililojengwa na Askofu Fulbert baada ya moto wa mwaka 1020, nalo lilinusurika. Jengo jipya liliwekwa juu ya misingi yake, hata mpango mpya ukalazimika kuvaa kiatu cha zamani.

Tahadhari: tangu mwaka 2009 kuta na dari zimekuwa zikisafishwa na kupakwa rangi ya maziwa yenye mistari myeupe inayoiga viungo vya mawe. Wapo waliolipinga jambo hili vikali, wakilililia giza la zamani. Kwa maoni yangu, mkono wa ukarabati ulikuwa mzito mahali pengine, lakini chini ya masizi yalipatikana mabaki ya rangi ya karne ya 13 yenyewe, na mbavu sasa zinafuatika kwa macho kuliko awali. Usiichukulie kuwa ni ukuta wa jengo jipya.

Dalili ya kufaulu: ukifumba macho unaweza kutaja matabaka matatu kwa mpangilio, na kueleza ni kipi kilichoondolewa.

## Hatua ya 6: Soma dirisha moja mpaka mwisho

Kanisa hili lina madirisha ya vioo vya rangi zaidi ya 170. Kosa linalowashinda wengi ni kutaka kuyaona yote. Chagua moja. Kwa anayeanza, hakuna zuri kuliko dirisha la Msamaria Mwema, la tatu ukihesabu kutoka magharibi katika njia ya pembeni ya kusini. Liko chini, linaonekana vizuri, na asubuhi lina jua.

Kanuni ni hii: anza chini kabisa, soma kwenda juu. Macho yetu, yaliyozoea ukurasa wa kitabu, huanzia juu, na ndiyo maana wengi hukwama.

Chini utawaona washona viatu wakiwa kazini. Kisha Kristo anasimulia mfano wake. Kisha msafiri anatoka mjini, anavamiwa na wanyang'anyi, kuhani na Mlawi wanampita, Msamaria anamhurumia na kumpeleka kwenye nyumba ya wageni. Ukifungua Luka sura ya 10 utakifuata kisa hatua kwa hatua. Hapo, katikati ya dirisha, kisa kinaonekana kubadilika ghafla: Adamu anaumbwa, Hawa anaumbwa, tunda linaliwa, wanafukuzwa bustanini.

Usidhani mafundi walichanganya vioo. Walimu wa zama zile walifundisha kwamba msafiri aliyejeruhiwa ni Adamu, yaani wanadamu wote, na Msamaria ni Kristo. Nusu ya chini inauliza, nusu ya juu inajibu. Dirisha moja lililosomwa hivi lina thamani kuliko hamsini yaliyopigwa picha.

Kuhusu wale washona viatu, utawakuta mafundi wa kila aina chini ya madirisha mengine: maseremala na watengeneza magurudumu katika dirisha la Nuhu, la kwanza katika njia ya pembeni ya kaskazini, na wafanyabiashara wa manyoya katika lile la Karolo Mkuu. Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba vyama vya mafundi hao ndivyo vilivyolipia madirisha. Wanahistoria wa sasa hawakubaliani juu ya hilo, kwa hiyo usimwamini kwa haraka anayekueleza kama jambo lisilo na shaka.

Sogea karibu uone namna kioo kilivyoundwa. Rangi haikupakwa juu. Ilichanganywa na kioo kilipokuwa bado kimeyeyuka, kwa madini ya chuma, shaba na kobalti. Vipande vilikatwa, nyuso na mikunjo ya nguo ikachorwa kwa wino mweusi na kuchomwa tanuruni, kisha vyote vikaunganishwa kwa vipande vya risasi. Ile mistari myeusi si uchafu wala kasoro. Ndiyo mshono, na pia ndiyo kalamu ya mchoraji.

Dalili ya kufaulu: unaweza kusimulia dirisha zima, na kueleza kwa nini Adamu yuko pale.

## Hatua ya 7: Simama penye makutano ya msalaba

Kanisa limejengwa kwa umbo la msalaba. Nenda mahali mikono ya msalaba huo inapokutana na ukumbi. Kulia kwako ni dirisha la waridi la kusini, yaani dirisha kubwa la mviringo lenye umbo la ua, na chini yake ni yale madirisha membamba ambayo mgeni hayasahau: Wainjili wanne wamebebwa mabegani na manabii wanne. Mathayo juu ya Isaya, Luka juu ya Yeremia, Marko juu ya Danieli, Yohane juu ya Ezekieli. Wabebwao ni wadogo, ila wanaona mbali zaidi.

Geuka ulitazame waridi la kaskazini. Ukiona maua ya yungiyungi ya wafalme wa Ufaransa pamoja na ngome za Kastilia, umemtambua mfadhili wake, Malkia Blanche wa Kastilia, mama wa Mfalme Louis IX. Kwa sehemu kubwa ya siku halipigwi na jua moja kwa moja, na kwa hiyo bluu yake ni nzito na tulivu.

Kisha pita upande wa kusini kuelekea altare mpaka umkute Bikira Maria mwenye vazi la bluu nyepesi juu ya mandharinyuma nyekundu, akiwa amempakata Mwana. Vioo vya katikati ni vya mwaka 1180 hivi. Viliokoka moto wa 1194, navyo vikatengewa nafasi katika kanisa jipya, na malaika wanaomzunguka wakaongezwa katika karne ya 13. Linganisha bluu yake na bluu ya madirisha ya jirani. Ikiwa huoni tofauti, ngoja wingu lipite.

Labirinti, yaani njia ya kuzungukazunguka iliyochorwa kwa mawe sakafuni mwa ukumbi, yenye upana wa karibu mita 13 na njia ya mita 260 hivi, mara nyingi hufunikwa na viti. Ikiwa wazi, itembee polepole. Ikifunikwa, usisogeze viti.

## Hatua ya 8: Baraza la kaskazini, kwa dakika ishirini

Toka kwa mlango wa kushoto. Hapa ni Agano la Kale na Bikira Maria. Kwenye nguzo ya kati yuko Mtakatifu Ana, mama yake. Pembeni tafuta wafuatao: Melkisedeki, Abrahamu akiwa na Isaka aliyefungwa, Musa, Samweli, Daudi, na upande wa pili Isaya, Yeremia, Simeoni, Yohane Mbatizaji na Petro. Kila mmoja ameshika kitu kinachomtambulisha. Mwangalie Yohane, alivyokonda na kuinamisha uso. Basi, nenda ukale chakula cha mchana.

## Hatua ya 9: Alasiri, uso wa magharibi

Sasa uko tayari kwa ukuta ule mgumu. Ugawe kwa zama zake.

Milango mitatu ya chini na madirisha matatu membamba yaliyo juu yake ni ya katikati ya karne ya 12, kabla ya moto. Dirisha la waridi lililo juu liliongezwa yapata 1215, na ndiyo maana linaonekana kama limesukumizwa juu ya ukuta usiolitarajia. Mnara wa kulia, wenye kilele laini cha takriban mita 105, ulikamilika katika karne ya 12. Kilele cha mnara wa kushoto kilikuwa cha mbao na kiliungua kwa radi mwaka 1506. Kilele cha mawe kilichojaa nakshi, kinachofika kama mita 113, kilijengwa na Jehan de Beauce kati ya 1507 na 1513. Tofauti ya minara hii, inayowashangaza wageni, ni zaidi ya miaka 300.

Sogea milangoni. Watu wale warefu waliochongwa pamoja na nguzo walikuwa 24, na 19 wamebaki. Watazame miguu. Imening'inia, haikukanyaga kitu. Miili ni mirefu na imenyooka kama nguzo zenyewe. Kisha mkumbuke Theodori wa asubuhi. Kati ya sanamu hizi na yeye imepita chini ya karne moja, na katika muda huo mchongaji ameitoa sanamu nguzoni na kuisimamisha kwa miguu yake.

Katika tao la mlango wa kulia tafuta elimu saba za zama zile, kila moja imechongwa kama mwanamke: Muziki anapiga kengele, na chini yake ameketi Pithagora akiandika. Kuwekwa mwanafalsafa asiye Mkristo pale, miguuni pa Bikira Maria, kunaonyesha jinsi shule ya kanisa kuu la Chartres ilivyoiheshimu elimu.

Jua likianza kushuka, ingia tena na ugeuke nyuma. Madirisha matatu ya magharibi, likiwemo lile la ukoo wa Yese lililo upande wa kulia, sasa yanawaka kwa bluu isiyopatikana mahali pengine kanisani.

Dalili ya kufaulu: unaweza kumwonyesha mtu, kwa mkono, kipi katika ukuta huu ni cha kabla ya moto na kipi ni cha baada yake.

## Hatua ya 10: Chora bila kutazama picha

Ndani ya treni, kabla hujafungua simu, chora kanisa kama vile limekatwa vipande kwa upana: ukumbi katikati, njia za pembeni, miega nje. Uzuri wa mchoro hauna maana hapa. Picha hukumbuka kwa niaba yako, ilhali mkono huchora kile tu ulichokielewa.

Kisha weka ncha ya penseli pale mbavu zinapokutana juu ya ukumbi, na uufuate uzito. Ukifika ukutani, mstari wako una njia mbili: mmoja unateremka na nguzo hadi sakafuni, mwingine unatoka nje, unapita juu ya paa la njia ya pembeni, unashuka na mwega hadi ardhini. Ikiwa mstari wa pili umekatika hewani, umelisahau tao la nje, na hatua ya kurudia utakapokwenda tena ni ya tatu.